Kilima cha Baada ya Wamaza

Usinicheke. Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, tena si usiku kama wengi wanavyopenda kusimulia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Mke wangu Zaituni alikuwapo. Lakini ukimuuliza yeye, atakwambia aliyekuwapo si mimi.

Sisi ni watu wa Ujiji, Kigoma. Mama yake Zaituni alizaliwa Kasongo, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na alipofariki mimi sikufika msibani. Nilisema nina kazi, basi. Sikuomba radhi siku ile wala miaka miwili iliyofuata, na nyumba ikapoa. Nikajitia ujanja: nimpeleke matembezi. Binti yetu Rehema tukamwacha kwa shangazi yake, tukavusha gari kwa meli ya mizigo, nikaendesha mwenyewe ili Zaituni akaone alikozaliwa mama yake. Niamini, siku nne za tope zilikuwa rahisi kwangu kuliko kusema nisamehe.

Kabambare tulilala kwa mama mmoja mwenye vyumba vya wageni. Asubuhi, akitumiminia chai, akatuonya.

"Njia ya Kasongo iko na milima. Mukikuta mutu anasukuma kinga yake, mushuke mumusaidie mpaka kwa juu. Huku hatupitake mutu kwa kilima."

Kinga ni baiskeli. Huko watu wanabebea mafuta ya mawese, wanaisukuma wakitembea siku nyingi. Zaituni aliitikia vizuri. Mimi nilikuwa nakagua matairi.

Tulipokipita kijiji cha Wamaza tukamkuta mzee chini ya kilima, baiskeli yake ina madumu manne ya njano na kitambaa chekundu kwenye usukani. Zaituni akasema tusimame. Nikasema tutachelewa. Tukampita, tukamrushia tope.

Nusu saa baadaye, chini ya kilima kingine, yule yule! Madumu manne, kitambaa chekundu, na tope langu bado bichi kwenye shati lake. Hakuna aliyetupita njiani. Sasa angepita wapi? Nikakanyaga mafuta, Zaituni akavuta breki ya mkono.

"Baba Rehema, mimi nashuka."

"Ukishuka nakuacha."

Akashuka. Mzee wala hakunitazama. "Aksanti, mama," akamwambia. "Bwana aende tu. Haina shida."

Na mimi, kwa hasira zangu, nikaenda. Nilitaka apande kilima kizima akijuta. Nikasimama juu, nikazima injini, nikashusha kioo.

Ndipo nikaisikia sauti yangu. Nasema yangu, na kile kigugumizi changu, ikipanda kutoka kwenye kona.

"Zaituni mke wangu, nisamehe. Kwenye msiba wa mama ningekuja. Niliogopa kukuona unalia, nikajificha kazini."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Na mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kicheko nilichokuwa nimekisahau. Kwa nini sikushuka mbio? Sijui. Nilikaa kwenye usukani kama mjinga, mtu mwingine akisema maneno yangu.

Zaituni akatokea peke yake, mikono inang'aa mawese. Akaja dirishani kwa adabu.

"Pole na safari, shemeji. Tumsubiri Baba Rehema, anapumua kidogo hapo chini."

Nilikimbia chini. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za Zaituni na nyayo za viatu vyangu, hivi hivi nilivyovaa, na alama ya tairi katikati yao. Kwenye kona zikabaki za Zaituni tu. Mtu hakuwapo, wala baiskeli.

Kasongo tulifika. Hakutaka kuona nyumba ya kina mama yake wala jamaa zake. Siku tatu alikaa kando ya barabara akiangalia kila kinga inayoingia.

Sasa tuko Ujiji. Ananipikia, ananiita shemeji, analala chumbani kwa Rehema. Nimempeleka kwa shehe, nimempeleka hospitali. Wote wanasema huyu mama ni mzima. Mwezi uliopita nilipiga magoti nikamwambia yote, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniinua kwa mkono.

"Hayo ameshaniambia mwenyewe, shemeji. Usijisumbue."

Basi wewe unayesafiri na mwenzako, ukikuta mtu anasukuma kwenye kilima, shuka ukasukume, hata kama mvua inanyesha. Na kama una neno la kumwambia mwenzako, lisemee humo humo garini, leo. Usingoje mwingine alitumie.

Saa saba inakaribia. Anajitanda kanga yake, atasimama getini kumngoja mumewe kama kila siku. Geti letu ni zito, siku hizi namfungulia mimi.