Chuma Alichoacha Kifua

Siku Kifua alipohama nyumbani alibeba redio, feni, kioo kirefu, hata fimbo ya pazia. Akaacha vitu viwili: mke na chuma. Mke alimwacha kwa kuwa amemchoka. Chuma alikiacha kwa kuwa nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu na ngazi zina kona kali.

Chuma chenyewe kilikuwa ketelbeli, lile tufe zito lenye mpini juu. Ukilitazama haraka utadhani ni birika lililokatwa mdomo. Kifua alikuwa mwalimu wa mazoezi kwenye jimu, na jina alipewa kwa sababu kifua chake ndicho kilichotangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata baadaye. Mkewe alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, mwanamke mnene kidogo, mpole wa kudanganya macho.

Pale kwenye ngazi mke alimwuliza kama chuma hatakichukua. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni, maana nani abaki ndani wakati mtu anahama kwa kelele? Kifua akacheka.

"Nakuachia wewe, bonge. Siku utakayokiinua juu ya kichwa, nitarudi nikufulie nguo hapo uani, watu wote wakiona."

Wapo waliocheka naye. Dobi hakuwasahau, ila hao wana habari yao. Aliingia ndani, akakisukuma chuma kwa mguu hadi mlangoni, kizuie mlango usibamizwe na upepo, na hapo hapo akaapa moyoni kwamba nguo hizo zitafuliwa.

Kesho yake akakosea kosa la dobi halisi. Alikishika chuma kama anavyoshika beseni la mashuka yaliyolowa: mgongo umepinda, magoti yamenyooka, mikono ndiyo inayovuta. Kikapanda hadi usawa wa kitovu, kiuno kikalia. Siku zilizofuata alipiga pasi amekaa, na wenzake wakamtania kwamba talaka imemshukia kiunoni.

Kule kukaa ndiko kulikomletea akili. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimpelekea Kifua taulo safi jimu, na akisubiri kwenye benchi hadi somo liishe. Yote ambayo mwanamume huyo aliwafokea wanafunzi alikuwa nayo kichwani, tena na sauti yake juu. Anza na mwili wako, hujajibeba utabebaje chuma! Nguvu itoke nyongani, mikono ni kamba tu! Basi akaamua Kifua amfundishe bila kujua, na bila kupewa ahsante.

Alianza na pushapu za kusimama, mikono kwenye ukingo wa meza ya kupigia pasi, mashine zikinguruma. Alipozizoea akahamia ngazi za nyumbani, akashuka kidato kimoja baada ya kingine, mpaka pua yake ikafahamiana na sakafu. Akisubiri mashuka yasuuzike, anachuchumaa na kuinuka. Ndipo akakirudia chuma. Alikikumbatia akachuchumaa nacho, akakibembeza kati ya miguu huku nyonga ikikirusha mbele, kisha akakiweka chini na kupiga pushapu kabla pumzi haijarudi. Pushapu zilimfundisha kujikaza, chuma kikamfundisha kufyatuka. Alipojaribu kimoja bila kingine aliyumba kama mlevi. Akichoka, anamsikia: bonge. Basi anaongeza.

Kuna watu hupona kwa kusamehe. Huyu alipona kwa kuchuchumaa.

Siku mkono uliponyooka juu ya kichwa na chuma chake, bila kutetemeka, hakumwambia mtu. Aliacha kwanza mablanketi yachafuke vizuri. Kisha akamtuma Bibi wa Chini, ajuza wa ghorofa ya chini anayesahau alikoweka miwani lakini hasahau neno la mtu, akamwambie Kifua chuma chake kinashika kutu, aje akichukue.

Kifua akaja Jumapili asubuhi, uani pamejaa watu wanaofua, fulana imembana, na nyuma yake wanafunzi wawili wa kumbebea mzigo. Alikuwa akiwaeleza jinsi wanawake walioachwa wanavyotafuta visingizio vya kuwaona waume zao. Dobi akashuka ngazi, chuma kinaning'inia mkono mmoja kama kikapu cha sokoni.

"Karibu, Mwalimu. Ulisema nini siku ile pale kwenye ngazi?"

Kifua akadai hakumbuki. Bibi wa Chini akamkumbusha neno kwa neno, hata kicheko akakitia mahali pake. Watu wakaacha kufua. Dobi akatanua miguu, akakibembeza chuma, akakipokea begani, akakipandisha. Kikatulia kule juu kama taa ya barabarani.

"Hicho cha watoto," Kifua akasema.

"Basi kiinue wewe." Akakiweka chini mbele yake. "Kwa mkono wa kulia."

Bega la kulia la Kifua lilikuwa bovu siku nyingi. Jimu nzima haikujua, maana kazi yake ilikuwa kufoka, si kuinua. Aliyejua ni mmoja tu, yule aliyekuwa akilikanda kwa taulo la moto na kuapishwa asiseme. Wanafunzi wakasubiri mwalimu wao ainame. Kifua akamtazama dobi. Dobi akampa tabasamu la kupokelea wageni.

"Mimi ni mtu wa neno langu," Kifua akasema kwa sauti kubwa. "Nguo ziko wapi?"

Wanafunzi wakamwona muungwana kweli kweli. Dobi akateremsha mablanketi. Lile bega hakulitaja, na usidhani ni huruma: angelitaja, lingechekwa siku moja likaisha. Alitaka libaki mkononi mwake. Akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Kamua, Mwalimu. Hilo bado linatoa maji. Na huo mkono wa kulia umekuja kutembea?"

Jua lilipokuwa kali mablanketi yalikuwa kambani, na Kifua ameushika mkono wake kama kitoto kigonjwa. Akauliza kwa sauti ya chini kama sasa anaweza kuchukua chuma chake.

Dobi alishakibeba, anapanda nacho ngazi.

"Jumapili ijayo," akamjibu bila kugeuka. "Mapazia bado."