Alichoazima Zuhura

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanga juu ya koti la baridi, maana koti lenyewe sikuliamini. Msimamizi wa rafu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, alinitazama juu mpaka chini, kisha akanionyesha troli iliyojaa vitabu.

"Herufi unazijua?"

"Nazijua."

"Na namba?"

"Nimeuza nazi Muheza miaka kumi na tano. Namba ndizo zilizonilea."

"Basi kazi unayo," akasema.

Nilikuwa na darasa la nne na Kiingereza cha kuombea maji. Mwanangu aliyenileta Minnesota alidhani nitakaa kwake nitazame televisheni. Nilitazama miezi mitatu nikaona nitakuwa kichaa.

Nyie vijana mnaoingia maktaba na simu mkononi hamjui kitabu kinavyorudi mahali pake. Kila kitabu kina karatasi ndogo mgongoni, yenye namba au herufi za jina la mwandishi, na wewe unakipanga kwa hizo. Ipo kazi inaitwa kusoma rafu, ambayo si kusoma kitu: unapita na kidole mgongo kwa mgongo kutafuta kilichokaa pasipo pake. Ipo na kupalilia, yaani kuondoa vile visivyoazimwa. Mimi mkulima nilidhani nimeelewa, nikang'oa vipya vyote kwa sababu havikuwa na alama ya kuguswa. Msimamizi alishika kichwa. Tulivirudisha siku nzima. Na msimu wa theluji vitabu vinarudi vimelowa, unavisimamisha wima kurasa zikiwa wazi, chumba kizima kinanuka kama nguo zilizokosa jua.

Lakini nilitaka kusema habari ya vijana.

Tawi letu lilikuwa karibu na mji mdogo wa New Hope, na rafu ya vijana ilikuwa dirishani. Mezani alikaa mkutubi wa vijana, msichana mpole mwenye shahada mbili, ila watoto walimwona kama mwalimu. Mimi walinikuta nimesimama na troli. Wakaniuliza, "Bibi, kizuri kipi?"

Ningesemaje kwamba sijasoma hata kimoja? Nikawa natazama mwili wa kitabu. Mgongo umevunjika? Kona zimelainika? Kuna makombo ya chipsi katikati? Namwambia, "Chukua hiki. Kuna mtu alikisoma huku anakula, alishindwa kukiweka chini." Wiki ya pili mtoto anarudi anakimbia. "Bibi, ulijuaje?"

Mkutubi aliponiuliza siri yangu nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanifundisha kazi yenyewe: muulize mtoto kitu cha mwisho alichokipenda, hata kama ni mpira, halafu nyamaza usikilize. "Na alichoazima," akasema, "ni chake. Husemi kwa mtu yeyote, hata mzazi." Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na tano. Aliishi kwenye maghorofa ya pale New Hope na mama yake, mtu wa Mombasa aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilisema naye Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, kama watoto wetu wote huku. Siku moja akaniuliza, nami naandika nilivyoelewa: "Bibi, kuna kitabu ambacho baba anakufa, halafu hakuna mtu anayemwambia mtoto asilie?"

Mkutubi akakitafuta. Mimi nikakikagua: kona laini kama kitambaa. Nikampa.

Ikaja Idi, tukakusanyika Burnsville kwenye ukumbi. Kwetu mtoto wa mwenzio ukimwona anafanya jambo, zuri au baya, unamwambia mama yake. Ukinyamaza ndiyo lawama. Nami nilitaka kumfurahisha mwenzangu.

"Mama Zuhura, hongera, umezaa msomaji. Sasa hivi ana kitabu cha msichana aliyefiwa na baba, wala hakiachi."

Mkono wake ulisimama juu ya pilau. "Kitabu cha nini? Mimi hunambia yuko sawa. Kila siku yuko sawa!"

Jumatatu mama alikileta kitabu mwenyewe. Karatasi ya alama ilikuwa bado katikati.

"Mtoto hataki kuja tena," akasema. "Asema hapa hapana siri. Na nyumbani hasemi nami."

Troli niliiacha pale pale. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa tawi, bwana mmoja mkavu, nikamweleza yote.

"Kwa kosa hili watu hufukuzwa," akasema.

"Nifukuze."

"Nikikufukuza, binti atarudi?"

"Harudi."

"Basi baki. Nyumbani kwao usiende, salamu usitume. Tafuta njia ukiwa hapa hapa."

Sasa pale tulikuwa na vikadi. Mfanyakazi akipenda kitabu anaandika maneno mawili matatu, anakibandika kikadi kwenye rafu chini yake. Mimi sikuwahi kuandika, na huwezi kusifia usichokisoma. Basi nikaanza kukisoma kile kitabu wakati wa chakula cha mchana, kidole kwenye mstari, mkutubi akinisaidia maneno. Theluji ilianguka ikaondoka ikaanguka tena. Ndicho kitabu cha kwanza nilichokimaliza maishani. Kuna ukurasa niliulilia, marehemu mume wangu akanijia mbele ya macho, nikaacha mkate wangu.

Nikaandika kwa Kiswahili: "Nimekisoma chote, polepole. Mdomo ulikosa, kitabu hakikukosa. Kipo, kinangoja. Bibi wa troli."

Mkuu wa tawi akauliza, "Nani hapa atasoma hiyo?"

"Mmoja," nikasema.

Kikadi kilikaa pale dirishani, wanapopita watoto wakitoka shule, mpaka barafu ikayeyuka. Alasiri moja nikamwona Zuhura kwenye kiti cha dirishani, mgongo kwangu, kitabu mapajani. Sikumsogelea. Dakika chache nyuma yake akaingia mama yake.

"Bi Mwanaidi, mwanangu asoma nini siku hizi?"

Nyuma ya rafu niliona viatu vya Zuhura vimetulia, anatusikiliza.

"Najua," nikasema, "lakini sikwambii."

"Mimi ni mamake!"

"Ndiyo. Muulize."

"Nimuulize aniambie yuko sawa?"

"Usimuulize habari zake. Muulize habari za kitabu."

Akanikazia macho, nikajua lawama za Idi ijayo zimeanza. Kisha akazunguka rafu. Troli yangu ilikuwa na gurudumu linalolia, siku zote nililitia mafuta kwa aibu. Siku hiyo nilishukuru. Niliisukuma upande wa pili, gurudumu likalia kweli kweli, nisisikie neno hata moja.

Walitoka pamoja, kitabu kimeshikwa na mama. Wiki iliyofuata Zuhura akaja mpaka kwenye troli, na kwa mara ya kwanza akanisemesha Kiswahili.

"Bibi, nipe kingine."

Nimestaafu kwa ajili ya magoti. Watoto wengi walipita mikononi mwangu, wengine wana watoto wao huko Champlin, wakinikuta dukani wananiita Bibi wa troli mbele za watu. Zuhura anasomea uuguzi. Haya nimeyaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake. Jina la kitabu kanikatalia, nami sasa nakubali kukatazwa. Nikienda pale kama msomaji huwa nachungulia rafu ya dirishani. Wiki iliyopita hakikuwepo. Nilimwona aliyekichukua, akielekea nacho kwenye gari lake. Mkinikuta kwenye pilau msiniulize.