Alichouliza Tausi

Usiku ule nililala bila kula, si kwa kukosa chakula, ila kwa uvivu wa kujipikia peke yangu. Mchana kutwa nilikuwa nimeongea. Kazi yangu ni udahili katika chuo kidogo cha afya: napokea simu za wanaotaka kujiunga, najibu maswali, naandikisha majina. Msimu wa maombi naongea mpaka sauti inakauka, halafu nafika chumbani kwangu na hakuna wa kuniuliza nimeshindaje.

Simu ya mwisho siku ile ilikuwa ya binti aitwaye Tausi. Alishapata nafasi ya uuguzi katika chuo cha mkoa mwingine, na alitakiwa kuwajibu kabla ya saa sita mchana kesho yake. Akasitasita, kisha akauliza jambo fulani kuhusu kozi yetu ya afya ya jamii. Mimi macho yalikuwa kwenye kompyuta, narekebisha fomu ya mtu mwingine. Mkuu wetu alishasema darasa lile lazima lijae. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba nafasi ipo, aje tu. Akashukuru, akakata simu, nami nikazima taa za ofisi.

Katika ndoto, taa zile zinawaka tena. Niko mezani kwangu, na kwenye benchi la waombaji ameketi Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kazi. Tulikaa chumba kimoja miaka saba, meza zikitazamana, hadi alipofariki masika yaliyopita. Meza yake siku hizi tunawekea katoni za karatasi. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha sana: mtu akimaliza kueleza shida yake, yeye hajibu. Kwanza anamrudishia maneno yake yote. "Umesema hivi, na hivi. Nimekosea wapi?" Foleni inafika getini, yeye bado anauliza amekosea wapi. Nilikuwa namtania kwamba anaendesha baraza la ndoa.

Nilimwona pale nikafurahi hadi nikaona aibu. Nataka kumwambia kwamba siku hizi ofisini hakuna anayeniita Festo, wananiita Udahili tu, na mwaka mzima sijacheka vizuri. Yeye ananitazama, mtandio wake ukiwa begani kama zamani.

"Umekonda, Festo," anasema. Kisha, "Yule binti alikuuliza nini?"

"Nilimwambia nafasi ipo."

"Sijakuuliza ulimwambia nini."

Nikanyanyua simu ya mezani, nikaiweka sikioni ili nimsikie Tausi tena. Sauti iliyomo ni yangu. Inatoa maelekezo, inataja vyeti, inakaribisha watu. Nasubiri inyamaze kidogo binti aongee, lakini hainyamazi.

Nageuka nimwambie Bi Mwanaidi, naona ofisi haipo. Tuko wodini, kwenye kitanda alicholala wiki zake za mwisho, na mimi nimekaa kwenye stuli na machungwa mapajani. Siku ile nilikwenda kumwona nikaogopa ule ukimya wake, nikawa nasimulia habari za ofisi bila kupumzika. Mara mbili alianza, "Festo, mimi..." na mara mbili nikamkatisha, nikamwambia utapona tu, mama, utapona. Sikumwona tena.

Sasa nimenyamaza. Naweka machungwa sakafuni, nasogeza stuli.

"Ulitaka kuniambia nini siku ile?"

Ananitazama muda mrefu, bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Yangu yamepita, mwanangu," anasema. "Muulize aliye hai."

Nikaamka mto umelowa. Kumekucha, jirani anafagia uwanja. Nililia kidogo, nakiri, maana ningekubali kulala mwezi mzima ili nimwone tena. Kisha nikachukua simu yangu, nikaitafuta namba aliyopigia Tausi jana. Haikuwa hata saa moja asubuhi.

Tausi alipokea upesi, kama mtu aliyekuwa macho.

"Tausi, ni Festo wa chuoni, tuliongea jana. Naomba urudie swali lako."

"Nililokuuliza jana?"

"Hilohilo."

"Niliuliza kama nikimaliza kozi yenu nitakuwa nesi. Mama anaumwa, na nyinyi mko karibu na nyumbani. Nikasema kama uuguzi ni uleule, basi nisiende mbali."

Kozi yetu haitoi manesi. Najua hivyo tangu nianze kazi.

"Umesema unataka kuwa nesi," nikamwambia, "na unataka kuwa karibu na mama. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Kwetu hutakuwa nesi, Tausi. Hiyo ni kozi nyingine."

Hakujibu. Nilitamani kujazia pale maneno, kumwambia kozi yetu pia ni nzuri, nikajizuia.

"Mbona jana hukusema?"

"Nilikuwa sikusikilizi."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na sauti yake ikashuka, nadhani ili mama yake asisikie.

"Wale nilishawaandikia jana jioni," akasema. "Nimewaambia siendi."

"Nipe namba yao," nikasema. "Mimi ndiye nitakayewaeleza kwa nini."