Simiti ya Kaka

Saratani ilipomshika kaka yangu kooni, vyakula vilimkimbia kimoja baada ya kingine. Ugali ulitangulia, nyama ikafuata, mwishowe hata ndizi za kupondwa. Aliporudishwa kutoka hospitalini alilazwa sebuleni kwake Komarock, kitanda kikisogezwa dirishani, akawa anaishi kwa uji mwepesi ambao mkewe alimnywesha kwa sindano isiyo na ncha. Wifi yangu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hizo aliyapunguza zaidi.

Jumamosi moja kaka alinipungia mkono niiname. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo.

"Siste, nipikie simiti."

Nilicheka, kisha nikaona hatanii.

Simiti lilikuwa jina tuliloupachika wali wa maziwa wa shuleni. Shule yetu ya msingi ilipakana na kanisa, karibu na Majengo, na baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alitupeleka pale kwa sababu watoto walipewa chakula cha mchana. Siku nyingine zote tulikula githeri ya mahindi na maharagwe yaliyotobolewa na wadudu. Ijumaa wapishi walichemsha chenga za mchele kwa maji mengi, maziwa ya unga kidogo na sukari, mpaka zikashikana, rangi ya kijivu. Ukipindua sahani, simiti haikuanguka. Kaka alikuwa hodari wa kusukumana. Aliifikia sufuria kabla haijaoshwa, akakwangua ukoko, akaniletea nusu ndani ya mfuko wa kaptura. Niliula pamoja na nyuzi za kitambaa.

Basi nikanunua chenga. Nilipika kwa gesi jikoni kwa wifi, nikatia iliki na maziwa ya pakiti, nikakoroga bila kupumzika isije ikashika chini. Nilijivunia kazi yangu. Kaka alilamba ncha ya kijiko, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya harusi."

Wiki iliyofuata nilibeba jiko la makaa, nikaliwasha uani chini ya kamba za nguo. Safari hii nilitumia maziwa ya unga, na iliki nikaiacha. Nikaacha pia kukoroga. Harufu ya kuungua ilipopanda, jirani alichungulia ukutani.

"Mama, chakula chako kinaungua!"

"Kiache kiungue," nikamjibu.

Nilipoingia na sufuria, kaka alijaribu kuinuka. "Ukoko," akasema.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari alisema nini? Atapaliwa."

"Atatafuna tu. Hatameza."

"Na akimeza?"

Kaka alinyoosha mkono, si kwangu, kwa mkewe. Hatimaye wifi akaleta beseni, akaketi kando yake, akamega kipande kidogo kwa kucha na kumtia mdomoni.

Alitafuna polepole, mate yakimchuruzika. Akatema. Akafungua mdomo tena kama kinda la ndege. Tuliendelea hivyo mpaka kipande kimoja kikateleza. Alikohoa macho yakamtoka, damu ikaja, wifi akampigapiga mgongoni, nami nimeganda na sufuria mkononi. Alipotulia, wifi alimfuta kidevu, akasema bila kuniangalia, "Toa hiyo kitu hapa."

Nikaenda kuimwaga mtaroni.

Aliishi hadi mvua za masika na hakuomba tena chakula chochote. Tulimzika nyumbani kwetu magharibi mwa nchi, udongo ukituteleza chini ya viatu. Wifi alipopewa nafasi ya kuzungumza, aliwaambia waombolezaji kwamba mumewe alikula hadi siku za mwisho, na kwa hamu. Watu wakaitikia amina. Mimi niliinamisha kichwa.

Jioni hiyo tulipokuwa tukisugua vyungu vya matanga, wifi alinisogelea. "Alifurahi kabla ya kukohoa," akasema. "Mimi nilimwona uso."

Sijui kama ni kweli. Mimi nilikuwa nikitazama beseni.