Safari ya Kumtetea Rubani wa Mogitu

Niliondoka Mbulu na hasira zangu, nasema kweli. Gwandu, mdogo wake Gidahota mwenzangu wa jeshini, alinikuta dukani kwetu nikipima kaniki, akaniambia kaka yake amefariki na wazee wa ukoo wanasita kumjengea bung'eda. Kwao Wabarbaig, bung'eda ni kilima cha udongo kinachojengwa juu ya kaburi la mwanamume aliyeheshimika. Si kila mtu anajengewa.

"Wanasema alikuwa mwongo," Gwandu alisema. "Eti mchunga ng'ombe gani ameendesha ndege?"

Nikaiacha kaniki mezani. Ndani ya ndege hiyo, kule Burma wakati wa vita, mimi nilikuwemo. Nisingekwenda kusema, rafiki yangu angelala na jina la uongo, na watoto wake wangelirithi. Mama aliuliza duka namwachia nani. Nikamjibu, "Mama, duka halina miguu. Nitalikuta hapahapa."

Asubuhi tulipanda lori la mahindi. Tulipofika Endagikot likazama kwenye tope hadi ekseli, tukashuka kusukuma. Wakulima Wairaqw waliokuwa wakipalilia walikuja na majembe kutuokoa, na mmoja akanitazama koti langu la jeshi akacheka: "Mmempiga Mjapani, tope linawashinda?" Nikasukuma tu.

Dongobesh tulilala kwa baba mdogo, naye mfanyabiashara kama sisi. Baada ya swala akanionya. "Ramadhani, mwanangu, huko baraza halikai bila pombe ya asali. Ukikataa umewadharau wenyeji, ukinywa umemkosea Mungu. Utafanyaje?"

"Nitaomba maziwa, baba."

"Na usiongeze chumvi kwenye maneno yako. Nakujua wewe."

Kutoka hapo ilikuwa kwa miguu tu. Tuliteremka kwenye mbuga, Mlima Hanang mbele yetu umejifunika mawingu, na kila boma tulilopita Gwandu alisimamishwa na kuulizwa habari za msiba. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo. Kichwani nilikuwa naipanga hadithi yangu iwe tamu.

Tulifika Mogitu, kijijini kwa Gidahota, jua likiwa juu bado. Niliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba bila kunikunjulia uso. Pombe ya asali ilipozunguka, niliomba maziwa na nikapewa kibuyu kizima, hakuna aliyeona ajabu. Ndipo mzee aliyeongoza baraza akaeleza utaratibu, Gwandu akinitafsiria. Mjane, Udagwenga, ataketi nyuma yangu. Yeye amesikia habari za ndege kutoka kwa mumewe kila jioni wakati wa kukamua. Mimi nisimulie yangu, na nikipotoka atanikatiza.

Basi nikaanza. Nikasema tulikuwa wawili, mimi na Gidahota, tumefungwa kamba viunoni, tukisukuma magunia ya mchele na unga mlangoni mwa ndege ili yawaangukie askari wenzetu waliokwama msituni. Risasi zikatoka chini. Msaidizi wa rubani akafa palepale. Rubani mwenyewe, Mwingereza, alipigwa mikono yote miwili. Akawa na mdomo wa kusema lakini hana mkono wa kushika.

Udagwenga hakunikatiza.

Nikasema Gidahota alikata kamba yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akashika usukani. Rubani alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake cha kambini: vuta, polepole, usishindane nayo. Gidahota alitapika magotini pake na hakuachia. Hapo nikasikia mjane anacheka kidogo nyuma yangu. Kumbe hata hilo la kutapika mumewe alikuwa akilisimulia. Tukashuka kwenye majani kwa tumbo la ndege, tukatoka hai watatu.

"Simama," Udagwenga akasema. "Usukani ulishikwa na nani?"

"Na Gidahota."

"Mume wangu alisema mlishika wawili. Yeye kushoto, wewe kulia. Kila jioni alisema hivyo, na jina lako alilitaja."

Baraza likaguna. Nilijua nikisema ndiyo, maneno yetu yatalingana na kesi imekwisha. Tena ningerudi Mbulu na mimi ni rubani! Lakini haikuwa hivyo.

"Mama," nikamwambia, "mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kiti, nimezibana mishipa ya yule Mwingereza asiishiwe damu. Usukani sikuugusa. Aliushika peke yake."

Mzee mmoja akasema kwa ukali, "Basi mmoja wenu ni mwongo."

Nilidhani nimemwangusha rafiki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila yule kiongozi wa baraza alikuwa anatikisa kichwa. Akawauliza wenzake, "Mwongo akihesabu ng'ombe, huwa anafanyaje?"

"Huongeza," wakajibu.

"Huongeza kwenye zizi lake. Huyu Gidahota alikuwa na sifa yake yote, akachukua nusu akampa mwenzake asiyekuwepo hapa kumshukuru. Na huyu mwenzake ametoka Mbulu hadi hapa kuirudisha. Mimi sijaona ndege ikiendeshwa, lakini mtu wa heshima namjua." Akageukia kaburi lililokuwa kando ya boma. "Ajengewe."

Udagwenga alisimama, akanijia mbele, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa analia na kucheka. "Shemeji," aliniita, na tangu siku hiyo ndilo jina langu Mogitu.

Kazi ilianza kukicha. Vijana walichimba, wanawake wakaleta maji, nyimbo zikapanda, na mimi mwana wa duka nikapewa nafasi ya ndugu, nikaweka udongo kwa mikono yangu. Nilimwambia Gidahota kwa sauti kwamba ile nusu yake nimemrudishia.

Nilirudi kwa njia ya Katesh. Wafanyabiashara wenzangu wa pale waliuliza safari imenipa nini. Nimejifunza, niliwaambia, kwamba sifa ya mtu ni amana, na anayeijua hana ruhusa ya kukaa nyumbani. Na kama yuko anayesema wachunga ng'ombe wa Hanang hawajapata kuongoza ndege, ashuke Mogitu. Rubani wetu amelala pale, na kilima chake kinaonekana kutoka mbali.