Moshi Uliozidi

Mwanachama mpya wa kikundi chetu ameniletea maziwa ya ngamia asubuhi hii, na harufu ya moshi imenifikia kabla hajafungua mtungi.

Nikamkumbuka nyanya, mwenyekiti wa akina mama wauza maziwa hapa Isiolo. Siku moja bibi arusi kutoka Sericho alifukiza mtungi wake kwa moshi wa kuni, kama tufanyavyo ili maziwa yasiharibike, lakini akapita kiasi, maziwa yakawa machungu. Wenzake wakaanza kunung'unika. Nyanya akanywa kikombe chote, akapangusa mdomo polepole.

“Yangu ya kwanza hata paka alikataa,” akamwambia. “Kuja, tufukize pamoja.”

Bibi arusi akacheka mpaka machozi, na kibanda kizima kikacheka naye.

Nimemaliza kikombe changu. Sasa namwambia huyu habari ya paka.