Moto wa Angani na Shamba la Dengu

Tulikuwa uani tunakula, mimi na wadogo zangu watatu, giza limeanza kuingia. Ghafla ua wote ukawa mweupe kama mchana, hata kuku wakaanza kulalamika bandani. Donge la moto wa kijani likapita juu yetu, likaburuta mkia mrefu kuelekea kaskazini, likapasuka vipande na kuzimika juu ya shamba letu. Hakukuwa na sauti yoyote. Tuliposhusha macho, dagaa walikuwa wameisha bakulini. Kitinda mimba wetu alikuwa anatafuna huku bado anashangaa.

Huku Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, mtu haoni kitu kinachong'aa kikianguka, kisha akalala. Asubuhi jirani yetu, mchimbaji wa almasi tangu sijazaliwa, alifika na wenzake watano, sururu na chekeche mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Jiwe limeangukia kwako. Nimeliona nyuma ya ule mgunga. Tutachimba kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akalitazama shamba zima. "Kidogo."

"Na mwenye shamba ana fungu lake," mwenzake akadakia.

Dengu zilikuwa zimeanza kutoa maua. Tangu wazazi wafariki nami niache shule darasa la sita, dengu ndizo zilizotulisha na kuwanunulia wadogo zangu sare. Wakichimba, mwaka umekwisha.

Mdogo wangu anayenifuata alikuwa tayari ameshika chekeche. "Dada, umeishia la sita. Mambo ya almasi za angani huwezi kuyaelewa."

"Kweli," nikamjibu. "Mimi naelewa dengu tu."

Nikampigia shangazi yetu, mwanika dagaa wa Chato kando ya ziwa, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Shangazi, shikamoo. Jana jioni mliona moto angani?"

"Marahaba! Tusiuone tuna upofu? Umeanguka ziwani hapa hapa, mbele ya mitumbwi. Wanaume wameingia na nyavu tangu alfajiri!"

"Mwambie umeanguka huku!" jirani akafoka.

"Nani huyo? Mwambie achimbe huko, sisi tunavua!"

Wakaangaliana. Mmoja akasema watu wa Chato ni waongo. Mwingine akauliza jiwe linavuliwaje. Jirani yetu mzee akapima kwa macho njia ya kutoka mgunga wetu hadi ziwani, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Kama wao nao wameliona limeanguka pale mbele yao tu," akasema taratibu, "basi liko mbali na sisi wote."

Akabeba chekeche yake. Walitoka mmoja mmoja, wakipita katikati ya mistari kwa uangalifu, kama wageni wanaoruka mkeka wa watu.

Mdogo wangu alibaki amesimama. Nikampa jembe. Alipalilia hadi mchana, na kila jembe lilipogonga kijiwe aliinama, akakifuta kwa kidole gumba, akakiinua juani.

"Kinang'aa?" nilimuuliza kila mara, na sikuwa namtania sana.